Nimepungua kilo 60, ngozi imebaki inaning'inia: nani hapa amelipia upasuaji wa kuiondoa, na alilipaje?

BintiKigamboni (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika, leo nimelazimika.

Nilikuwa na kilo 141. Sasa hivi nina 81, na uzito umetulia tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Nilianza na puto la tumboni, likatolewa, nikaendelea na mlo na kutembea. Sukari imeshuka, presha imetulia, magoti hayalalamiki tena. Alhamdulillah.

Shida ni ngozi. Mtu akiniona na dera anasema nimependeza. Nikivua dera ni habari nyingine kabisa. Tumbo la chini limeshuka hadi linafunika sehemu ambazo sina haja ya kuzitaja, mapaja yanasuguana, na mkono nikimpungia mtu unaendelea kupunga wenyewe nikishaacha. Hayo ya kuonekana ningeyavumilia. Nisichoweza ni fangasi chini ya mkunjo wa tumbo. Napaka dawa, inapona, joto la Dar likirudi na yenyewe inarudi. Kuna siku natembea na kanga imekunjwa ndani kwa ndani ili ngozi isigusane.

Nimeulizia hospitali mbili binafsi. Ya kwanza wamenipa namba moja tu kwa mdomo, bei ya gari la Passo la mkononi. Ya pili wamenipa karatasi yenye mistari mingi na jumla inakaribia mara mbili ya ile. Wote wanasema ni upasuaji uleule. Dirisha la bima nimeambiwa "hiyo ni urembo dada", nikaondoka. Nakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi kwa bima hiyohiyo, na mwajiri anaweka 3 nyingine.

Nina akiba UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja), kuna hisa za kikoba, na kuna kiwanja Chanika. Swali langu: waliopitia hili mlilipaje? Na nani anaweza kunieleza kwa nini bei zinapishana hivi?

Kiti_cha_Mbele

Naweka kambi hapa. Dada yangu ana tatizo hilohilo.

ChumviYaUvinza

Uuze kiwanja ukakatwe ngozi? Pesa za watu zina kazi jamani. Piga gym, kunywa maji, paka mafuta ya nazi, ngozi itarudi yenyewe. Hospitali zimegeuka saluni siku hizi.

Nesi_wa_Zamu

Chumvi, ungejua idadi ya watu waliomaliza chupa za mafuta ya nazi kabla ya kufika wodini kwetu usingeandika hivyo.

Ngozi ina nyuzi mbili zinazoishikilia, kolajeni na elastini. Ikivutwa kwa miaka mingi na unene, nyuzi hizo zinakatika na hazijirudishi kwa squat. Mazoezi yanajaza misuli iliyo chini ya ngozi, na kwa mtu aliyepungua kilo kumi na tano hilo linaweza kutosha, hasa akiwa kijana na havuti sigara. Kwa aliyepungua kilo 60 hakuna mafuta ya nazi wala krimu ya laki mbili itakayonyanyua mkunjo wa tumbo. Kilichobaki ni kisu, au kuishi nayo. Kuishi nayo pia ni uamuzi halali, sisemi kila mtu akatwe.

Sasa BintiKigamboni, bei zako. Kwanza waulize ni upasuaji gani, maana kuna miwili inayofanana mdomoni. Kuna ule wa kukata lile shuka la ngozi linaloning'inia, basi. Misuli haiguswi. Huo kwa kitaalamu ni panikulektomi. Na kuna abdominoplasti: ngozi inakatwa, misuli ya tumbo iliyoachana inashonwa pamoja, kitovu kinahamishiwa mahali pake papya. Huo wa pili ni mrefu zaidi na ndio unaompa mtu tumbo la kuvalia gauni la kubana. Wa kwanza unamwondolea fangasi na uzito wa kuvuta kiuno. Daktari mmoja akikupa bei ya ule na mwingine ya huu, mtashangaa bure.

Pili, namba ya mdomoni mara nyingi ni ya daktari na thieta (chumba cha upasuaji) tu. Uliza kama ndani yake kuna mtaalamu wa usingizi, vipimo vya kabla, siku za kulala, dawa, sindano za kuzuia damu kuganda, mirija ya kutoa maji kwenye kidonda, nguo ya kubana ambayo utaivaa kama wiki sita, na kufunga kidonda kila utakaporudi. Na swali ambalo wagonjwa wengi hawaulizi: kidonda kikifunguka nikarudishwa thieta, nani analipa? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, hapo bei bado hujapewa.

BintiKigamboni

Asante sana dada. Karatasi ya pili ina mtaalamu wa usingizi, wodi siku tatu na hiyo nguo. Kurudishwa thieta hakuna. Kesho napiga simu.

Mpemba_Minnesota

Salamu kutoka kwenye baridi. Nimefanyiwa huku Marekani miaka michache nyuma, nieleze ya huku, huenda ikakusaidia namna ya kujenga hoja huko.

Bima za huku nazo zinasema urembo hawalipi. Lakini ule upasuaji wa kwanza aliousema Nesi, wa kukata shuka tu, wanaweza kuulipa ukithibitisha ni tiba. Una namba yake kabisa kwenye mfumo wa madai, 15830. Kila kampuni ina masharti yake ila yanafanana: ngozi iwe imeshuka kufikia kwenye kinena au chini yake, na picha za kuthibitisha ziwepo, uwe umetibiwa vipele au fangasi kwa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu, na havikukoma, uzito uwe umetulia angalau miezi sita, na kama ulipungua kwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, mwaka mmoja hadi mmoja na nusu uwe umepita. Kushona misuli na kuhamisha kitovu hawagusi. Mimi bima ililipa shuka, na misuli nikailipia mwenyewe siku hiyohiyo mezani, kwa hiyo thieta na usingizi sikulipia mara mbili.

Mara ya kwanza walinikataa. Sababu ilikuwa moja, nilikuwa natumia dawa za dukani bila kwenda kwa daktari, kwa hiyo kwenye faili langu hakuna mahali palipoandikwa kwamba naugua ngozi. Ugonjwa ambao haujaandikwa, kwa bima haupo. Nikaanza kwenda kliniki kila vipele vilipotoka, daktari anaandika, anapiga picha. Rufaa ikapita.

Kwa wasio na bima, ada ya daktari pekee kwa abdominoplasti huku inapita dola 8,000 kwa wastani, kabla hujalipia thieta na usingizi. Wengi wanachukua kadi za mkopo wa matibabu. Kuweni macho nazo: wanakwambia hakuna riba ukimaliza ndani ya muda fulani, ukibakiza hata kidogo riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza kwa mkopo wote.

Mwana_wa_Kiambu

Huku Kenya kwenye bima ya afya ya serikali tulihama NHIF tukaingia SHA tangu Oktoba 2024, tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na ukiuliza habari ya ngozi utaangaliwa vibaya tu. Mimi nililipa kupitia sacco yangu ya kazini, nikakopa kwa msingi wa akiba zangu na wadhamini watatu. Riba ya sacco inavumilika. Wenzangu kwenye chama walidhani nanunua ng'ombe, sikuwaeleza.

Neno langu ni moja: hakikisha daktari ni wa upasuaji wa plastiki kweli. Mwaka 2024 hapa Nairobi kuna kliniki ya urembo ilifungwa na baraza la madaktari, KMPDC, baada ya mteja kufariki kufuatia upasuaji wa kunyonya mafuta. Mtandaoni walikuwa wanang'aa.

Nesi_wa_Zamu

Kwa Tanzania jina la daktari unalitafuta kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Angalia na ubingwa wake, usiishie kwenye kuona amesajiliwa, maana daktari aliyesajiliwa ni kila daktari. Hawa wa plastiki wengi wao hushughulikia majeraha ya moto, midomo sungura na saratani, na huo ndio mkono unaoutaka, mkono uliozoea ngozi ngumu. Na hospitali za umma msizidharau. Muhimbili na Mloganzila wana huduma ya upasuaji rekebishi, foleni ipo lakini ICU nayo ipo jengo hilohilo.

Dobi_wa_Magomeni

Samahani naingilia. Mimi ni mwanaume, nilikuwa 152. Nikisujudu tumbo linatangulia, na kifua kimebaki kama cha mama anayenyonyesha. Ustadhi wa mtaani kaniambia ni kubadilisha maumbile, haifai. Hapa nimekwama.

BintiKigamboni

Kaka Dobi, mimi nilimuuliza shehe mmoja ninayemwamini, akaniuliza: inakuuma, inakuletea ugonjwa? Nikasema ndiyo. Akasema kuondoa dhara ni tiba, nenda. Kifua sikumuuliza. Muulize na wako akufafanulie, lakini umwambie yote, usimwambie "nataka kukata tumbo" ukaishia hapo.

ChumviYaUvinza

Haya, nimeelewa kuhusu fangasi, nafuta kauli ya saluni. Ila kiwanja bado nasema usiuze. Nenda Uturuki, ni nusu bei na unatalii.

Jirani_wa_Mbezi

Chumvi, Uturuki nimekwenda, kaa nikusimulie.

Niliona tangazo la kifurushi: hoteli, gari la kukupokea, tumbo, mikono na mapaja kwa safari moja. Bei kwa kweli ilikuwa chini kuliko karatasi za Dar. Picha nilituma kwa WhatsApp, daktari nikamwona asubuhi ya upasuaji. Walikata tumbo na mikono, mapaja wakaahirisha kwa sababu wingi wa damu ulikuwa mdogo, jambo ambalo kipimo cha Dar kingelionyesha kabla sijapanda ndege.

Upasuaji wenyewe haukuwa mbaya. Tatizo lilianza nyumbani. Siku chache baada ya kurudi mshono wa katikati ya tumbo ukaachia, maji yanatoka mpaka shuka la kitanda linaloa. Yule wa Istanbul anajibu kwa emoji za maua. Hapa nyumbani nimezunguka, kila daktari anauliza "nani alikukata?" halafu anasita, na namwelewa, kazi ya mtu mwingine usiyojua alipitisha wapi nyuzi si ya kuibeba hivihivi. Nikapata mmoja mwenye huruma. Kufunga kidonda, antibaotiki na kushonwa upya vilikula ile nusu yote niliyookoa, na likizo isiyo na malipo juu.

Simwambii mtu asiende, kuna waliokwenda wakarudi salama na wanapendeza. Ila ukipiga hesabu ya nje, usiweke tiketi na kifurushi tu. Weka hoteli ya siku za ziada, mtu wa kukusindikiza, na fungu la matengenezo ukirudi.

Nesi_wa_Zamu

Na ndege yenyewe. Upasuaji mkubwa unafanya damu iwe rahisi kuganda kwenye miguu, kukaa saa nyingi kwenye siti nako kunafanya hivyo. Donge likipanda kwenye mapafu linaweza kuua. Ndiyo maana haifai kupanda ndege ndefu mara tu unapotoka wodini, na ndiyo maana kukata sehemu nne kwa siku moja si ofa ya kushangilia. Kuunganisha mbili kunaokoa pesa ya thieta na usingizi, ni kweli, lakini kila saa inayoongezeka mezani ina hatari yake. Daktari akikwambia "tumbo sasa, mapaja baada ya miezi kadhaa", usimwone anataka kukuvuna mara mbili.

MhasibuMstaafu

Wanangu, mimi ni mtu wa hesabu. Binti ametaja UTT, kikoba na kiwanja. Twende kwa mpangilio.

UTT, kama ipo Mfuko wa Ukwasi, ndiyo pesa ya kwanza kuguswa. Unauza vipande, siku chache za kazi pesa imeingia benki, hudaiwi na mtu. Kikoba: kopa kulingana na hisa zako lakini upangie na tarehe ya kuvunja, usije ukawa kitandani siku ya kugawana na deni halijarudi. Mkopo wa mshahara wa benki unawezekana ila uliza makato yatabakiza nini, maana mwezi wa kwanza baada ya upasuaji matumizi yanapanda: bodaboda hupandi, ni teksi, kufua na kuchota maji hufanyi, ni msichana wa kazi. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, usiguse hata wakikupigia magoti. Kiwanja kiache. Kiwanja cha Chanika kinachouzwa kwa haraka kinauzwa kwa bei ya dalali.

Halafu chukua jumla ya karatasi yako ya pili, ongeza robo, weka pembeni fungu hilo na usilitaje kwa hospitali. Usipolitumia, utanunulia nguo mpya.

Wa sekta binafsi: sheria ya ajira ya 2004 inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mwajiri anataka cheti cha daktari. Kikiandikwa "urembo" jiandae kubishana, kikiandikwa ugonjwa wa ngozi uliokataa dawa ni mazungumzo mengine. Siwafundishi kudanganya. Kama ugonjwa upo, uandikwe.

Kiti_cha_Mbele

Mzee MhasibuMstaafu shikamoo. Kwa hiyo ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini) ni ya muda gani kwa kawaida?

Nesi_wa_Zamu

Kazi ya kukaa ofisini wengi wanarudi ndani ya wiki mbili hadi nne. Kuinua vitu vizito, kubeba mtoto, kuchota maji, ni wiki sita hivi. Wanawake wanarudi kuosha vyombo mapema sana, kidonda kinaachia, halafu wanasema daktari mbaya.

Kuna mengine matatu niwaambie yanayogusa mfuko moja kwa moja, kwa sababu ukiyapuuza utalipa mara mbili. Sigara na shisha: acha angalau wiki nne kabla, mishipa inabana na ngozi iliyokatwa inakosa damu inakufa. Damu na protini: waliopungua kwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula au kwa kujinyima sana mara nyingi wana upungufu wa madini chuma na vitamini B12, kidonda hakifungi, dagaa, mayai na maharage miezi miwili kabla ni rahisi kuliko kushonwa upya. Na uzazi: kama bado unataka mtoto, subiri. Mimba italivuta tena tumbo ulilolilipia.

La makovu sijasahau. Sisi watu weusi keloidi zinatupata zaidi. Ukiwa na keloidi ya sikio au ya chanjo begani, mwonyeshe daktari kabla. Mkato wa tumbo ni kutoka nyonga hadi nyonga, kwa waliopungua sana wakati mwingine unaongezwa mwingine wa wima kutoka kifuani kushuka, na haufichiki wote ndani ya chupi.

Dobi_wa_Magomeni

Na je uzito? Nimesikia hiyo ngozi ina kilo ishirini.

Nesi_wa_Zamu

Mara nyingi ni kilo chache tu, kaka. Usiende ukitegemea mizani. Na madaktari wengi hawatakukata kama bado unene wako uko juu sana au unaendelea kupungua. Utulie kwanza miezi mitatu hadi sita.

BintiKigamboni

Wakuu narudi na mrejesho.

Hospitali ya kwanza: bei yao ilikuwa ya kukata shuka tu, bila mtaalamu wa usingizi na bila dawa. Nilipouliza kuhusu kurudishwa thieta dada wa mapokezi akasema "tuombe Mungu". Hospitali ya pili: abdominoplasti kamili, na daktari akasema akinirudisha ndani ya mwezi mmoja kwa sababu ya kidonda, ada yake hachukui, nitalipia thieta na dawa. Nimemwomba aiandike, ameandika.

Nimemwambia pia kwamba sitaki tumbo la gauni, nataka fangasi waondoke. Akacheka, akanipima, akasema misuli yangu haijaachana sana, kukata shuka kunanitosha. Karatasi imeshuka karibu theluthi. Mikono nimeiacha, nitaendelea kupunga.

Bima: nimekwenda kliniki ya ngozi kwa kadi yangu, kwa mara ya kwanza fangasi wameandikwa kwenye faili. Daktari wa ngozi amesema ataandika barua baada ya matibabu kushindwa, kama yatashindwa. Sina matumaini makubwa, ila hata wakikataa upasuaji, dawa na vipimo vya sasa vinaingia kwenye kadi. Hilo nilikuwa nalipa mfukoni miaka yote.

Pesa: nauza vipande vya UTT, kikoba nakopa kidogo baada ya kuvunja mwezi wa kumi na mbili. Kiwanja kipo.

MhasibuMstaafu

Robo umeiweka?

BintiKigamboni

Nimeiweka mzee, kwenye akaunti ambayo sina kadi yake.

Mpemba_Minnesota

Piga picha za ngozi kila vipele vinapotoka, zenye tarehe. Na nakala ya kila karatasi ukae nayo mwenyewe, faili za hospitali hupotea.

Mwana_wa_Kiambu

Damu umepanga? Huku waliniambia nilete watu wa kuchangia kabla ya siku yenyewe.

BintiKigamboni

Kaka yangu na wifi wamekubali, wanakwenda Jumamosi. Wifi anauliza kama na yeye atapewa bei ya familia.

ChumviYaUvinza

Mwambie wifi aanze na kutembea kwanza. Dada, tarehe ikipangwa tujulishe, mimi nitachangia teksi ya kurudi.